Kabati Lilikuwa Kulia

Jumatano, 11 Machi

Ukumbi wa karamu wa Kasri utafunguliwa kwa umma Jumamosi, tarehe 30 Mei, saa nne asubuhi. Mkurugenzi wa makumbusho amesema hivyo leo, akiwa amesimama katikati ya ukumbi wenyewe na buti za mpira miguuni, kwa sababu dari linavuja mahali pawili. Mhariri anataka habari fupi kila baada ya wiki mbili mpaka siku hiyo, kisha kurasa nne maalum tutakazotoa pamoja na makumbusho. Shajara hii ni ya yale ambayo hayataingia kwenye habari fupi.

Ukumbi una urefu wa hatua ishirini na sita na upana wa hatua kumi na mbili. Mwisho wake kuna kiti kikubwa cha bwana wa nyumba, na milango miwili inayofanana kama mapacha, mmoja kila upande wa kiti. Nyuma ya milango yote miwili siku hizi ni ukuta wa tofali. Ukoo uliomiliki nyumba hii ulipoondoka, serikali iligeuza jengo kuwa ofisi, na ukumbi huu ukawa stoo ya mafaili. Samani zikarundikwa chini ya ngazi. Sasa jengo ni makumbusho, na samani zinarudishwa mahali pake kwa kufuata picha moja, kwa sababu ndiyo pekee iliyopatikana. Ilitoka kwenye gazeti letu zamani. Wameikuza ikajaa ukuta.

Anayetembeza wageni wa makumbusho, ambao kwa sasa hupitishwa ukumbini kwa vikundi vidogo tu, ni mzee wa miaka themanini na moja, aliyeanza kuhudumu mezani hapa akiwa na miaka ishirini. Kila mtu anamwita Sahani. Wenzake wote wa jikoni wamekwisha kufa. Anaishi katika chumba nyuma ya jiko la zamani, na chumba kinakwenda na kazi: siku akiacha kutembeza wageni, anakabidhi ufunguo.

"Wewe ndiye wa gazeti? Karibu, mwanangu. Pita katikati ya zulia. Pembeni tulikuwa tunapita sisi."

Wafanyakazi wanne walikuwa wanasukuma kabati la vyombo kuelekea kushoto kwa kiti. Sahani aliwatazama mpaka wakasimama kuvuta pumzi.

"Sio huko. Kabati lilikuwa kulia. Na mlango wa chakula ni ule wa kulia."

Mkurugenzi alinyoosha kidole kwenye picha. Kabati liko kushoto, na kando yake amesimama Sahani mwenyewe, kijana, na koti jeupe.

"Picha haidanganyi, mzee wangu."

"Picha haikubeba supu, mama."

Wafanyakazi walicheka. Kabati likabaki kushoto.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua tangu alfajiri. Hakuna jipya.

Jumatano, 18 Machi

Wageni kumi na mmoja, wote na miavuli inayochuruzika. Sahani anajua kazi yake. Hasemi "hapa palikuwa na karamu kubwa." Anasema bwana alikuwa hapendi kijiko kigonge sahani, kwamba bibi wa nyumba alilala usingizi mezani na mhudumu alitakiwa kumwondolea sahani bila kumwamsha, na kwamba aliyemwamsha alirudi kuosha masufuria mwezi mzima. Watu wanacheka.

Kwenye picha, mabwana wamesimama na kuinua glasi. Chini yake kuna kibao: "Kwa desturi ya nyumba hii, glasi iliinuliwa kwa mkono wa kushoto, upande wa moyo." Sahani ameagizwa kulisoma hilo kwa sauti. Analisoma, kisha anaongeza lake.

"Mimi nimewahi kumwona mmoja tu akinywea kushoto. Shemeji wa bwana. Na wa kulia ulikuwa umevunjika."

Nilicheka pamoja na wageni. Niliandika hadithi hiyo kwenye daftari na sikuitumia.

Wageni walipoondoka alitaka kumwonyesha mkurugenzi jambo. Alisimama kwenye mlango wa kulia, akafumba macho, akakunja mkono wa kushoto kama aliyebeba sinia, akatembea. Hatua nne, akageuka, akanyoosha mkono wa kulia kuweka kitu juu ya kabati. Mkono ulikuta hewa. Alibaki hivyo kidogo, kisha akaushusha.

"Umeona, mama? Miguu ndiyo inayosema."

"Miguu sio ushahidi, mzee wangu," mkurugenzi alisema. Hakusema kwa ubaya. Nadhani alikuwa anamwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomsukuma kuniambia, tulipokuwa tunatoka, kwamba kumbukumbu za mzee "hazilingani tena na ushahidi uliopo." Nilimwuliza kama naweza kumnukuu. Alisema naweza.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Barabara ya nyuma ya Kasri imefungwa. Dada yangu ameanza kukohoa.

Alhamisi, 2 Aprili

Habari imetoka ukurasa wa tano: "Shahidi wa mwisho wa Kasri atofautiana na picha." Nimemnukuu mkurugenzi, nimemnukuu Sahani, kila mmoja sentensi mbili. Mhariri hakubadilisha hata nukta.

Dada yangu ni mkunga mstaafu na husoma gazeti kama anayekagua kitanda cha wodi. Alilisoma mara mbili, akalikunja.

"Umemwita mzee wa watu kichaa."

"Wapi nimeandika hivyo?"

"Hujaandika. Umempanga tu hapo, akaonekana hivyo mwenyewe."

Nilimwambia hivyo ndivyo habari inavyoandikwa, kila upande unapewa nafasi yake. Akasema upande mmoja una ofisi na mwingine una chumba nyuma ya jiko. Kisha akauliza kama nimekunywa dawa yangu ya presha.

Jumanne, 7 Aprili

Bodi ya makumbusho imesoma habari. Mkurugenzi amenipigia simu mwenyewe: mjumbe mmoja amehoji kama inafaa wageni wa ufunguzi watembezwe na mtu "ambaye pande zinampotea." Bodi itaamua Alhamisi, tarehe 21 Mei. Ikiamua Sahani apumzike, chumba kitarudishwa kabla ya mwisho wa mwezi huo. Amepewa barua.

Nilimwuliza kama bodi ingekutana kuhusu hilo bila habari yangu.

"Sidhani."

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekwenda chumbani kwake. Kitanda cha chuma, sanduku, viti viwili, jiko la mafuta ya taa, kioo kidogo cha kunyolea kilichotundikwa chini kwa sababu siku hizi ananyoa akiwa ameketi. Dirisha moja linatazama ukuta. Juu ya kitanda amefunga karatasi ya nailoni inayokusanya maji na kuyapeleka kwenye ndoo; kazi safi, mikunjo imenyooka kama kitambaa cha meza. Ameishi hapa miaka sitini na moja. Alimzika mkewe akitokea hapa. Ana mpwa mmoja, mwalimu, anayeishi safari ya saa sita kwa basi.

Barua ya bodi ilikuwa juu ya sanduku, chini ya kikombe.

"Uliandika nilivyosema, mwanangu?"

"Niliandika neno kwa neno, mzee."

"Basi mbona wamesoma kingine?"

Alinimiminia chai na kuniwekea kikombe upande wa kulia, mpini ukinielekea. Mkono wake hautetemeki hata kidogo.

"Mpwa wangu ana nyumba nzuri," alisema. "Ina vyumba vitatu. Lakini kule mimi nitakuwa mgeni. Mgeni wa kudumu ni kazi ngumu, bora kuhudumu."

Alhamisi, 16 Aprili

Dari la ukumbi limeanguka kipande, ukubwa wa meza ya watu wanne. Hakuna aliyeumia. Mkurugenzi amesema tarehe ya ufunguzi haibadiliki.

Nilimkuta Sahani akitembeza wageni sita. Kwenye ukumbi alisema kabati lilikuwa kulia. Akasita, akatazama picha. "Yaani kushoto," akasema. Mwanamke mmoja alimnong'oneza mumewe. Sahani aliona. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuona nani mezani ananong'ona.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua. Dada bado anakohoa. Mhariri anataka kurasa nne ziwe tayari mapema.

Jumatano, 29 Aprili

Nimeandika habari miaka thelathini na tatu. Naandika ya leo kwa mpangilio ilivyotokea.

Saa tano asubuhi nilikuwa namsubiri mkurugenzi kwenye korido, mbele ya kabati la kioo lenye koti la mhudumu. Koti ni la Sahani, alilitoa mwenyewe makumbusho yalipofunguliwa. Jeupe, vifungo sita, mfuko mmoja kifuani wenye nembo ya ukoo. Mfuko uko upande wa kushoto, kama mifuko yote ya kifua.

Saa tano na dakika ishirini niliingia ukumbini. Katika picha ya ukutani, Sahani kijana amesimama kando ya kabati na koti lilelile. Mfuko uko kulia.

Nilirudi koridoni nikatazama koti. Nikarudi ukumbini. Kisha nikawatazama mabwana na glasi zao. Niliwahesabu: kumi na wawili, na wote wameinua mkono wa kushoto. Watu kumi na wawili katika meza moja, wote mashoto. Nimesimama mbele ya picha hiyo mara tano tangu Machi, na mara zote kibao kilinieleza kwa nini, nami nikaridhika.

Picha imechapishwa kinyume. Kulia kumekuwa kushoto.

Ndipo niliposoma kibao tena, hasa maneno "upande wa moyo." Chini yake, kwa herufi ndogo, wameandika chanzo: gazeti letu, la miaka thelathini na moja iliyopita, siku Kasri lilipokabidhiwa serikali, ambapo tulitoa picha ya karamu ya miaka mingi kabla. Mwaka huo nilikuwa kwenye meza ya kupanga kurasa, nikiandika maelezo ya picha. Nimeandika maelezo elfu kadhaa, na siyakumbuki. Lakini mtindo wa sentensi ile ni wangu. Hakuna mwingine ofisini mwetu aliyekuwa anapenda kutaja moyo, na mimi mwenyewe niliacha baadaye.

Mkurugenzi alipotoka sikumwambia kitu. Sina ushahidi bado. Nilisema nitarudi.

Alhamisi, 30 Aprili

Maktaba ya gazeti iko chini ya ardhi na maji yamefika kwenye rafu ya kwanza. Mtunza maktaba amepandisha masanduku juu ya meza, na mengine juu ya kiti chake, yeye akisimama.

"Kasri? Makumbusho walikuja mwaka juzi. Niliwapa gazeti lenyewe. Picha halisi nilikuwa siijui iliko."

Tulitafuta saa tatu. Bahasha yake ilikuwa katika sanduku la picha za mafuriko ya mwaka mwingine kabisa. Ndani kulikuwa na picha moja, pembe zimeota ukungu. Kabati liko kulia. Glasi zimeinuliwa kwa mikono ya kulia. Mgongoni, kwa penseli nyekundu, kuna neno moja, "Geuza", na chini yake herufi za mwanzo za jina langu.

Wasiofanya kazi hii hawajui jambo lenyewe, kwa hiyo nalieleza. Mtu aliye pichani akitazama nje ya ukurasa, jicho la msomaji hutoka naye. Siku hizo tulikuwa tunaigeuza picha ili atazame ndani, kwenye maandishi. Ilikatazwa na kila mtu alifanya. Bwana wa nyumba alikuwa anatazama nje ya ukurasa, nikamgeuza. Kisha, nikiwa na picha iliyogeuzwa mbele yangu, nikaona mikono ya kushoto, nikaitafutia sababu. Sikumwuliza mtu. Sahani alikuwa anaishi mwendo wa dakika ishirini kutoka meza yangu.

Mtunza maktaba alisoma mgongo wa picha, akanitazama.

"Hili ni lako?"

"Langu."

"Aisee," akasema, akaendelea kupandisha masanduku.

Jumamosi, 2 Mei

Mhariri: "Miaka thelathini na moja! Sisi ya juzi tu hatujasahihisha." Anataka tusubiri ufunguzi upite, kwa sababu kurasa nne zimeshapangwa na picha ileile ndiyo ya mbele. Nimemwambia bodi inakutana tarehe 21 na kuna mtu atapoteza chumba. Akasema ataangalia nafasi. Maneno hayo nayajua, nimewahi kuwaambia watu.

Jumatatu, 4 Mei

Nimempa mkurugenzi picha. Aliiweka chini ya taa ya meza, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaigeuza na kusoma neno langu.

"Ukumbi mzima," alisema. "Tumepigilia zulia. Tumeweka taa."

"Najua."

"Na kibao." Alivua miwani. "Watoto wa shule wanainua chupa zao za maji kwa mkono wa kushoto. Tumewafundisha."

Ameahidi kuiweka mbele ya bodi. Naamini ataiweka.

Ijumaa, 8 Mei

Nilipaswa kwenda kwa Sahani kwanza. Nilikwenda kwa mhariri, kisha kwa mkurugenzi, kwa mpangilio wa kazi, na kwake nikafika wa tatu, siku nane baada ya kuipata bahasha.

Alikuwa anatembeza wageni. Ukumbini alisimama wima na kusema, bila kusita, kwamba kabati lilikuwa kushoto, mlango wa chakula ulikuwa wa kushoto, na mabwana waliinua glasi kwa mkono wa kushoto, upande wa moyo. Hakuongeza hadithi ya shemeji. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto alikuwa amefunga uzi mwekundu.

Wageni walipoondoka nilimwonyesha nakala. Nilimweleza yote, hata penseli.

"Ulikuwa sahihi, mzee. Tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekosea."

Aliishika nakala mbali na macho, kama wenye miaka yake wanavyoshika, akaitazama, kisha akaitazama ya ukutani. Ya ukutani ilikuwa kubwa mara mia.

"Usinichanganye tena, mwanangu."

"Sikuchanganyi. Tazama mfuko wa koti lako."

"Nimekaa wiki tatu nalifanyia mazoezi hili. Asubuhi na jioni. Kitanda nimekifanya kiti cha bwana, sanduku nimelifanya kabati. Uzi huu ni wa kunikumbusha." Alinirudishia nakala kwa heshima, kwa mikono miwili. "Mimi nataka chumba tu. Wakisema kushoto, kushoto."

"Bodi itaiona picha hii. Ukisema kulia, watajua ulikuwa unasema kweli."

"Ulisema hivyo hivyo ulipokuja na daftari. Kwamba utaandika nilivyosema."

Nje maji yalikuwa yamefika ngazi ya pili.

Alhamisi, 14 Mei

Mvua. Nimekwenda tena. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa anafanya mazoezi. Sikubisha.

Alhamisi, 21 Mei

Bodi ilikaa katika chumba cha ramani, watu saba. Niliruhusiwa kiti cha nyuma, nisiseme neno. Mkurugenzi aliweka picha ya bahasha mezani na kuieleza vizuri, kwa dakika sita, bila kunitaja kwa ubaya. Wajumbe waliipokezana. Mwenyekiti, mtu mpole mwenye kifaa cha kusikia, alisema kama ndivyo, basi mzee ameonewa, na akaomba aitwe ili jambo liishe.

Sahani aliingia na koti la kuazima. Mwenyekiti alimkaribisha kiti, akakataa kuketi.

"Mzee, tukumbushe. Unapoingia ukumbini, kabati lilikuwa upande gani?"

Aliteremsha macho kwenye kifundo cha mkono.

"Kushoto, mwenyekiti."

Mkurugenzi alifumba macho.

"Una hakika? Maana mwezi Machi ulisema kulia."

"Mwezi Machi nilikosea. Nimejirekebisha."

Nilisimama. "Mwenyekiti, naomba..."

"Mwandishi, hapa umekuja kusikiliza." Alisema bila hasira. Ni mimi niliyeyakubali masharti.

Walimpa picha ya bahasha mkononi. Aliitazama, akatazama uso mmoja mmoja kuzunguka meza, kama anayetafuta nani hajahudumiwa.

"Mnataka ipi?" aliuliza.

Walimshukuru, akatoka kinyumenyume hatua mbili, kisha akageuka. Hivyo ndivyo walivyofundishwa.

Uamuzi, kama ulivyosomwa saa nane na robo: ukumbi utafunguliwa ulivyo, maelezo ya kurekebisha yataandaliwa baadaye, mzee, kwa kuwa kauli zake zinabadilika, atapumzishwa kuanzia tarehe 31 Mei na kupewa cheti. Siku ya ufunguzi amewekewa kiti mstari wa mbele.

Jumamosi, 23 Mei

Mvua imepungua. Sahani aliniomba niingie naye ukumbini kabla wageni hawajaanza kufika. Alikuwa amevua uzi. Alisimama mbele ya kiti kikubwa, akafumba macho, akakunja mkono wa kushoto kubeba sinia. Nilisubiri.

Aliinua mguu. Akauweka chini palepale. Akauinua mwingine.

"Haisemi," alisema. "Miguu haisemi tena."

Nilimwambia kulia. Akasema ahsante, mwanangu, lakini kuambiwa na kujua si kitu kimoja. Tulitoka kwa kupita katikati ya zulia.

Jumatatu, 25 Mei

Mhariri ametoa nafasi ya sahihisho, baada ya mimi kukataa kusaini kurasa nne. Alitaka kufuta sentensi ya mwisho. Akasema sentensi mbili za kwanza zinatosha. Dada alikuwa amenitumia ujumbe mchana: "Usirudi nyumbani bila ile ya mwisho." Sikuondoka mezani kwa mhariri mpaka ilipopita. Itasomeka hivi:

"Picha ya ukumbi wa karamu wa Kasri tuliyochapisha miaka thelathini na moja iliyopita iligeuzwa na mwandishi wetu, ambaye pia alibuni desturi ya kuinua glasi kwa mkono wa kushoto. Desturi hiyo haikuwahi kuwepo. Mhudumu aliyesema kabati lilikuwa kulia alisema kweli."

Itatoka kesho, Jumanne, tarehe 26 Mei, ukurasa wa pili, safu ya mwisho, chini. Ufunguzi ni Jumamosi saa nne asubuhi. Jumapili, tarehe 31, saa tatu asubuhi, mpwa wake atakuja na gari. Kuna kitanda cha chuma, sanduku na viti viwili vya kubeba. Nitafika saa mbili na nusu.